Usininakilie Faili, Niandikie Mapishi

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika karakana za kompyuta karibu mara nyingi kama salamu: "Muhimu kifaa kifanye kazi." Msemaji wake kwa kawaida ametoka kupakua programu iliyoandikwa na watu wengine, tena iliyokwisha kukompailiwa, akainakili kwenye kifaa, akakiwasha, taa ya kijani ikawaka. Kazi imekwisha, chai iletwe. Naipinga sentensi hiyo kwa sababu nimeishi na matokeo yake. Tena wanaoisema si wavivu wala wajinga. Ni mafundi hodari, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwanza nieleze ni vifaa gani ninavyovizungumzia. Ni zile kompyuta zisizoonekana: ruta iliyotundikwa ukutani, king'amuzi cha televisheni, mita, sanduku la sola linalozimika usipolipa. Nyingi kati ya hizo huendeshwa na Linux. Hazina skrini wala kibodi, na hakuna mtu anayekaa mbele yake kubonyeza neno "sakinisha". Mfumo wake wote hujengwa kwenye kompyuta nyingine kubwa zaidi, hufungwa pamoja, kisha huchomwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Kazi hiyo ya kujenga ina zana zake. Kuna Buildroot, iliyoanza mwaka 2001. Kuna Yocto, mradi uliotangazwa na Linux Foundation mwaka 2010 juu ya msingi wa OpenEmbedded. Kwa ruta kuna OpenWrt.

Zana hizi hazipokei programu vivi hivi. Kila programu ya watu wengine unayotaka iingie lazima uiandikie maelekezo. Yocto huyaita kwa neno lenye maana ya mapishi, nami nimelipenda neno hilo. Mapishi husema: toleo ni hili, msimbo chanzo unapatikana hapa, leseni ni hii, kabla ya kuanza hakikisha maktaba hizi zimekwisha kujengwa, kompaili hivi, na mwishoni peleka kwenye kifaa mafaili haya tu. Katika Buildroot ni folda moja yenye mafaili mafupi matatu hivi: moja la menyu, moja la maelekezo, moja la hashi. Kwa programu yenye tabia njema, maelekezo yote hayazidi mistari 20 au 30. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanaikwepa.

Sasa nisimulie kilichonifanya niwe mkali.

Mwaka 2021 nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika karakana moja ya Kampala. Karakana ilikuwa imetengeneza masanduku 23 ya kupimia joto la matangi ya maziwa huko magharibi ya Uganda, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Maziwa yakipozwa hadi nyuzi 4 hivi yanaweza kungoja lori. Yakikaa na joto usiku mzima, asubuhi ni ya kumwagwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kompyuta ndogo ya ARM, kipimajoto na laini ya simu. Kila baada ya dakika 10 lilituma kipimo kwenye seva ya mnunuzi, na joto likizidi, msimamizi wa tangi alipata ujumbe kwenye simu yake.

Tarehe 30 Septemba 2021, saa 11 jioni, masanduku yote yalinyamaza kwa pamoja. Tulilaumu mtandao wa simu, kama kila mtu anavyofanya. Kesho yake tukajua. Cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3, ambacho vyeti vya Let's Encrypt vilikuwa vikikiegemea, kilikuwa kimeisha muda wake saa ile ile. Tarehe hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa ndani ya cheti miaka yote. Lakini programu zenye OpenSSL ya zamani zilikwama nchi nyingi siku hiyo, nasi tulikuwa miongoni mwa waliokwama.

Dawa ilijulikana: kompaili upya programu ya kutuma vipimo, ukiipa OpenSSL mpya na orodha mpya ya vyeti. Tukafungua mfumo wetu wa ujenzi kutafuta mapishi yake. Hayakuwamo. Kulikuwa na faili moja tu, katika ile folda ambayo hunakiliwa juu ya mfumo wote mwishoni mwa ujenzi, jina lake "tuma-mwisho2". Aliyeliweka alikuwa ameacha kazi. Hakuna aliyejua msimbo chanzo ulitoka wapi, ni toleo gani, wala kama aliubadilisha kabla ya kuukompaili. Nikatumia amri ya strings, ambayo huchambua maandishi yaliyojificha ndani ya faili, na katikati ya takataka nikasoma: OpenSSL 1.0.2k 26 Jan 2017. Maktaba nzima ilikuwa imeshonewa ndani ya programu, na orodha ya vyeti pia. Mfumo wetu ulikuwa na OpenSSL mpya, yenye mapishi mazuri kabisa, lakini programu haikuwahi kuigusa. Na matoleo ya 1.0.2 yalikuwa yameacha kupata marekebisho ya wazi kwa umma tangu mwisho wa 2019.

Ilituchukua siku 19 kuandika programu nyingine ya kuiga ile, tukikisia muundo wa ujumbe kutoka kwenye kumbukumbu za seva. Na kwa kuwa masanduku yalipokea maagizo kupitia njia ile ile iliyokufa, hatukuweza kuyatengeneza tukiwa mbali. Tulikwenda kwa basi, kisha kwa bodaboda, tangi kwa tangi, fleshi mfukoni, huku tukihesabu saa kwa sababu wakati ule amri ya kutotoka nje ilianza saa 1 usiku. Kwenye tangi moja nilimkuta msimamizi, mama wa makamo, amerudia kupima kwa mkono. Alikuwa akiamka mara tatu kila usiku. Usiku mmoja usingizi ulimshinda, umeme ukakatika, na lita 800 zikamwagwa mtaroni. Hakunifokea. Aliniuliza tu, kwa Kinyankole, "Mwanangu, hicho kisanduku kilijua tangu lini kwamba kitakufa?"

Niliporudi nilimweleza fundi mkuu kwamba chanzo cha yote ni lile faili. Akasema, "Kijana, lilifanya kazi miaka miwili." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Ndivyo nilivyolelewa. Ila jibu langu kamili ni hili: kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyeliuliza chochote, kwa sababu lilikuwa likifanya kazi. Kama lingekuwa na mapishi, mtu yeyote aliyeyafungua angeona maneno "1.0.2" na kujua amebeba kitu kilichokufa. Angebadilisha namba ya toleo na hashi, angejenga upya, angejaribu. Kazi ya mchana mmoja, na ingefanyika wakati masanduku bado yanasikia.

Kuna ushahidi mwingine ambao kila mnakili wa mafaili ameuona kwa macho yake. Unapakua programu iliyoandikwa kuwa ni "ya ARM". Unainakili, unaiamuru ianze, na kifaa kinakujibu kwamba faili halipo. Unaorodhesha folda: lipo. Unaamuru tena: halipo. Watu wamepoteza siku nzima hapo. Kinachokosekana kwa kweli ni kipakizi, ile programu ndogo ya kuiamsha programu kubwa, ambayo jina lake limeandikwa ndani ya faili, kwa mfano /lib/ld-linux-armhf.so.3. Kifaa chako kimejengwa juu ya maktaba ya C iitwayo musl, au kwa mtindo wa ARM unaohesabu desimali kwa njia nyingine, kwa hiyo kipakizi hicho hakimo. ARM si kabila moja. Chakula kilipikwa kwa ajili ya jiko jingine. Nimemwona mtu akilitatua tatizo hili kwa kunakili na maktaba zote za kompyuta ilikotoka programu, hata kifaa kikawa na maktaba mbili za C, kama jiko lenye wapishi wawili wasiosalimiana. Kilifanya kazi! Bila shaka kilifanya kazi.

Sitaki kudanganya kwamba kuandika mapishi ni raha. Mara nyingi kunachosha, na lawama nyingine nawapelekea waandishi wa programu zenyewe. Wengi wao huandika kana kwamba kompyuta inayokompaili ndiyo itakayoendesha. Katika faili la ujenzi wanaandika "gcc" kwa mkono wao, wasiruhusu mjenzi achague kompaila yake. Matokeo yake ni programu ya kompyuta yako ya mezani ndani ya kifaa kisichoweza kuielewa. Wengine huelekeza kompaila ikatafute vichwa vya maktaba katika /usr/include ya kompyuta inayojenga. Buildroot inaweza kuligundua kosa hilo na kuusimamisha ujenzi, na mara ya kwanza lilipokupata utaitukana. Wengine huandika kipimo cha kujaribu kuendesha programu ndogo wakati wa ujenzi ili kujua tabia za mashine, na jibu wanalolipata ni la mashine nyingine. Kila moja ya hizi inahitaji kiraka. Siku nilipoandikia mapishi programu moja ya kusoma vipimajoto, niliandika viraka vinne kwa ajili ya msimbo wa kurasa chache tu. Kwa hiyo anayesema kazi hii inachukua muda anasema kweli. Anachokosea ni kudhani kwamba muda huo umeokolewa usipouandika. Umeuhamishia tu kwa yule mama wa tangini.

Sasa hashi. Hashi ni ile namba ndefu inayotokana na faili zima, ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilika. Mapishi huitunza, na faili lililopakuliwa lisipolingana nayo, ujenzi unakataa kuendelea. Wapinzani wangu hupenda kunikumbusha tarehe 30 Januari 2023. Siku hiyo GitHub walibadilisha njia ya kukandamiza vifurushi vya msimbo vinavyotengenezwa papo kwa papo. Yaliyomo yalikuwa yale yale, lakini hashi zikawa nyingine, na ujenzi wa watu wengi ukasimama hadi mabadiliko yaliporudishwa nyuma. "Unaona? Hashi zenu ni usumbufu." Mimi naona kengele ya mlango iliyolia kwa ajili ya jirani aliyebadilisha kofia. Afadhali hiyo kuliko mlango usio na kengele. Tena aliyekuwa ametunza nakala za vifurushi vyake kwenye diski hakusumbuka, kwa kuwa mfumo hutumia kilichokwisha kupakuliwa.

Wengine hunijia na kisa cha xz. Mwezi Machi 2024 Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, na akagundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz. Kipande kilichouamsha mlango huo wakati wa ujenzi kilikuwa katika vifurushi vya toleo vilivyotangazwa, wala hakikuwa katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Hashi isingesaidia hapo, nakubali. Ingelipitisha faili lenye sumu kwa heshima zote. Lakini habari ilipotoka, kila mjenzi duniani alijiuliza swali moja: je, sisi tunayo? Mwenye mapishi alifungua mstari mmoja, akasoma namba ya toleo, akarudi kulala. Mwenye mafaili yaliyonakiliwa alianza kupekua folda kama mtu anayetafuta nyoka gizani, na hata sasa simwamini akisema hakumwona.

Kuhusu leseni, wanafunzi wenzangu hudhani ni mambo ya mawakili wa nchi tajiri. Wafikirie ruta ya WRT54G ya Linksys. Ndani yake mlikuwa na Linux, ambayo leseni yake ya GPL inamtaka anayeigawa atoe na msimbo chanzo. Watu waligundua, wakadai, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Kutokana na msimbo huo, mwaka 2004, ukazaliwa mradi wa OpenWrt, na mfumo wake wa ujenzi ulitokana na Buildroot. Yaani zana ambayo leo kijana wa Bujumbura anaweza kuitumia kuifufua ruta iliyotupwa na mwenyewe ilipatikana kwa sababu mtu aliuliza: programu hii ni ya nani, na msimbo wake uko wapi? Mapishi huuliza swali hilo kila siku, bila ugomvi. Buildroot ina amri ya kukusanya leseni zote na misimbo yote pamoja; Yocto hutunza alama ya maandishi ya leseni, na yakibadilika inasimama. Redis ilipobadilisha leseni yake Machi 2024, mwenye mapishi ya namna hiyo asingepandisha toleo bila kushtuliwa. Sisi tuliuza masanduku 23 yenye "tuma-mwisho2" ndani yake, na hadi leo siwezi kusema kama tulivunja leseni ya mtu. Hilo pekee lingetosha kunitia aibu.

Jambo la umeme na intaneti nitalipitia haraka, ingawa kwetu ni kubwa. Mapishi mema hutenganisha kupakua na kujenga. Unaweza kuiambia Buildroot ipakue misimbo yote kwanza, usiku bando likiwa nafuu, kisha ujenge mchana bila mtandao kabisa. Yocto, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, huzima mtandao kwa hatua zote isipokuwa ile ya kupakua. Kwa hiyo programu inayonyemelea intaneti katikati ya ujenzi hukamatwa. Nasikia watu wa Ulaya wakiliita jambo hili usalama. Kampala tunaliita kumaliza kazi.

Yapo mapingamizi mawili ya kweli. La kwanza ni programu zisizo na msimbo chanzo, kama zile zinazotolewa na watengenezaji wa chipu na modemu. Hapo hakuna cha kukompaili, nitafanyaje? Liandikie mapishi hata hilo faili. Buildroot ina mapishi ya mafaili ya namna hiyo kwa chipu za i.MX za NXP: toleo, mahali lilipotoka, hashi, na maneno ya leseni. Siombi kila kitu kiwe wazi. Naomba tujue tumebeba nini.

Pingamizi la pili huletwa na vijana zaidi: weka kila programu ndani ya kontena, kila moja na maktaba zake, ugomvi uishe. Katika kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, sawa. Lakini fungua hiyo kontena unionyeshe OpenSSL iliyomo ni toleo gani na nani ataibadilisha. Ukinionyesha, umeandika mapishi kwa jina jingine. Usipoweza, umelifunga lile lile faili kwa karatasi nzuri zaidi.

Hata mafundi wanaokubaliana nami huniangusha mahali pamoja. Wanaandika mapishi, wanaandika viraka, halafu wanavificha katika folda ya karakana yao kama dawa ya ukoo. Viraka vyangu vinne vya kile kisoma vipimajoto, mtu mwingine alikuwa amekwisha kuviandika mahali fulani, nina hakika, akavikalia. Nilivituma kwa mwandishi wa programu. Viwili akavikubali baada ya siku chache, kimoja akakiandika upya vizuri kuliko mimi, cha nne akakikataa na kunieleza kwa nini nilikosea, na alikuwa na haki. Toleo lililofuata lilihitaji kiraka kimoja tu, na mapishi yangu yakapungua. Maelezo ya juu ya kila kiraka nilikuwa nimeyaandika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu mwenzangu wa benchi alitoka Goma na Kiingereza chake kilikuwa kama Kifaransa changu. Nilipotafsiri kwa ajili ya kutuma nikagundua kwamba kiraka kimoja sikuweza kukieleza kwa lugha yoyote. Ndicho kilichokataliwa.

Masanduku 22 yalitengenezwa kabla ya Krismasi. La 23 lilikuwa mahali ambapo barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na baadaye tangi lenyewe likahamishwa, sijui wapi. Huenda bado limewashwa, linapima joto kila baada ya dakika 10 na kujaribu kulituma. Atakayelipata alichome upya. Mapishi yamo katika hazina ya karakana, katika folda ya vifurushi, pamoja na viraka na hashi, na mstari wa kwanza unasema tarehe ambayo cheti kinachofuata kitakwisha.